Ski na rock ni ndugu, ila hedfoni zibaki mfukoni

Jamani mzuka umepanda mpaka najiogopa. Safari ya ski imekaribia, begi nimeshalifunga na kulifungua sijui mara ngapi, na badala ya kuhakikisha nina soksi za kutosha nimekaa napanga nyimbo. Kila ninayemwambia nakwenda kuteleza kwenye theluji huko milima ya Alps, Ulaya, ananiuliza habari za baridi tu, hakuna anayeuliza nitasikiliza nini, wakati kwangu mimi hilo ndo swali lenyewe. Maana mi naamini kabisa hakuna mchezo unaoendana na rock kama ski. Sio mpira, sio ndondi, wala sio mbio za magari.

Ngoja nieleze maana najua kuna watu wameshaanza kucheka. Ski, ukishatoka ile hatua ya kubana ncha za zile mbao za miguuni (nazo zinaitwa ski) zikutane mbele kama kipande cha piza, yote ni habari ya uzito. Unahamishia uzito kwenye ski ya upande wa nje wa kona, unaikandamiza, ule ukingo wake wa chuma unauma theluji, ski inapinda na kukuzungusha yenyewe, afu unaachia unahamia mguu wa pili. Kandamiza, achia, kandamiza, achia, mpaka chini. Sasa chukua wimbo wa AC/DC, bendi ya rock ya Australia, usikilize ngoma tu, sahau gitaa. Ile ngoma kali inalia ta! kwenye pigo la pili na la nne, haiwahi na haichelewi, Phil Rudd, mpiga ngoma wao wa miaka mingi, hana madoido kabisa, anapiga palepale mwanzo hadi mwisho. Ukiwa na mpigo ule kichwani unajikuta unakandamiza mguu palepale ngoma inapolia, na shida kubwa ya wanaojifunza ni kuharakisha kona kwa woga, wanataka iishe haraka, mwili unageuka kabla ski hazijageuka na mtu chali. Mpiga ngoma mzuri hana haraka. Sijui kwa nini walimu wa ski hawasemi hivyo tu.

Afu theluji yenyewe haifanani siku nzima, na hapa ndo pleilisti inapotakiwa ipangwe na mtu mwenye akili zake. Asubuhi mapema miteremko imetoka kupigwa mashine usiku, imechanwa mistari mistari, imeganda, ina kasi balaa, hiyo ni saa ya Motörhead, bendi ya rock ya kasi, huna la kujadili. Mchana jua likishapiga theluji inalainika, inakuwa nzito, inajikusanya vichuguu vichuguu na miguu inaanza kuwaka moto, hapo kasi haikusaidii kitu, unatakiwa uende taratibu na kwa nguvu, na hiyo mi naiita theluji ya Black Sabbath, bendi ya rock nzito. Kama hujui uzito wa Sabbath ulitoka wapi, mpiga gitaa wao Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani Birmingham akiwa kijana, vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kushoto kwa hiyo ndo vidole vya kubonyezea nyuzi. Akajitengenezea vikofia vya plastiki akavichomeka vidoleni, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akawa anazilegeza kabisa zisimuumize, gitaa likashuka chini likawa linanguruma. Metali nzima, yaani ile rock nzito, imeanzia hapo, kwa mtu aliyeambiwa hatapiga tena. Huwa namkumbuka nikiwa nimelala kifudifudi theluji imeingia shingoni.

Na milima yenyewe ina historia na rock, sio kwamba mi nalazimisha. Desemba 1971 bendi ya rock ya Deep Purple walikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi albamu kwenye kasino. Kabla hawajaanza, kasino ikaungua katikati ya shoo ya mwanamuziki Frank Zappa, moshi ukatanda juu ya ziwa, wakabaki hawana pa kurekodia. Wakaishia kwenye hoteli kubwa iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi, tupu, wakapiga kwenye korido zake huku wameziba sauti kwa magodoro, na kwenye safari hiyohiyo ndo ukarekodiwa Smoke on the Water, ule wimbo wenye rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) ambayo kila anayeshika gitaa mara ya kwanza anakimbilia kuijaribu. Miaka michache mbele Queen nao wakanunua studio mji huohuo, na mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, akarekodi huko nyimbo zake za mwisho, ziwa mbele na milima yenye theluji ng'ambo. Sanamu yake ipo pale ufukweni, ngumi juu. Ratiba ikiniruhusu nitapita nimsalimie.

Haya, sasa nije kwenye ugomvi wangu na washkaji. Wao wanataka kuvaa hedfoni chini ya helmeti na kushuka nazo. Mi nimekataa, na wananiona mnafiki, eti mtu gani anapenda rock hivyo afu hataki kuisikiliza sehemu tamu kuliko zote. Lakini bwana, theluji inaongea. Ikiwa laini inasema fshhh, ukigusa barafu inakwaruza kraaa na unatakiwa uisikie ile kraaa kabla miguu haijakutoka, ni nusu sekunde tu hiyo. Na kuna watu. Sheria za shirikisho la kimataifa la ski ziko wazi, anayetoka nyuma ndo anawajibika kumkwepa aliye mbele, sawa kabisa, ila sheria haina breki na anayekuja nyuma yako huenda ameanza jana. Mi nataka nimsikie anavyokuja. Kwa hiyo wimbo ubaki kichwani, na ukiujua vizuri hauhitaji spika, utajipiga wenyewe.

Mahali pa hedfoni ni kwenye lifti ya viti, ile inayowapandisha watu mlimani kwa waya. Pale umekaa, miguu inaning'inia na mzigo wake wa ski, huna cha kufanya kwa dakika kadhaa, mbele yako ni nyaya na miti tu. Kumbe hata hiyo lifti ilianza kwa kituko, ya kwanza ilijengwa Sun Valley, Idaho, Marekani, mwaka 1936, na injinia wa kampuni ya reli, Jim Curran, aliitoa kwenye mitambo ya kupakia ndizi melini, mikungu ikining'inia kwenye ndoano zinazotembea. Akatoa ndoano akaweka kiti. Basi mi hapo juu ni mkungu wa ndizi unaotikisa kichwa, sina aibu. Angalizo tu, simu weka mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inamaliza chaji vibaya mno na muziki utakatika katikati ya solo.

Na yule atakayesema kelele za rock zitaporomosha mlima, hapana. Hizo ni za kwenye sinema. Sauti haina nguvu hiyo, maporomoko yanayoua watelezaji mara nyingi yanaanzishwa na uzito wa mtu mwenyewe au mwenzake aliyekatiza mteremko usiokanyagika. Ogopa kutoka nje ya njia zilizowekewa alama, gitaa halina kosa.

Kinachoniudhi kweli ni jioni. Watu wameshuka wamechoka, mabuti yamefunguliwa vifungo, na hakuna raha duniani inayoshinda kufungua kifungo cha buti la ski, damu inarudi kwenye vidole unaisikia kabisa, mashavu yanawaka kwa jua na upepo. Hapo ndo saa ya gitaa. Halafu unaingia baa ya chini ya mteremko unakuta wanapiga vile vinyimbo vya kuimba pamoja na kugonga meza, au dumu dumu dumu ya kompyuta isiyo na mwisho. Na wanaojua kufanya kitu wapo jamani, Ischgl kule Austria wanafungua na kufunga msimu kwa matamasha makubwa, na la kufunga linapigwa wazi juu mlimani zaidi ya mita 2,300, watu wamesimama na mabuti yao ya ski kwenye theluji. Kama amplifaya zinapanda mpaka kule, baa ya chini inashindwaje kuweka hata wimbo mmoja wa Led Zeppelin?

Kwa hiyo nabeba spika yangu mwenyewe kwa ajili ya chumbani. Kilichobaki ni nani atashika simu inayoiletea muziki, maana yupo mwenzetu mmoja anapenda hiyohiyo dumu dumu, na tangu nimuoneshe orodha yangu ameanza kununa.