Maharage ni nafuu, mkaa je?

Anayetetea ulaji wa mimea huanza na bei ya nyama, na huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hapati taabu kushinda. Maharage yanalimwa mlangoni, hayahitaji friji, na gramu 100 za makavu zina protini gramu 21 hivi, inayokaribiana na ya nyama mbichi ya ng'ombe ya uzito huohuo. Mpinzani wake anaanza na swali moja: na mkaa?

Ana hoja. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi joto 94. Sufuria inatokota kama ya Dar es Salaam lakini maharage yanachelewa. Kuchochea moto hakusaidii, kwani maji yakishachemka joto halipandi tena. Unachoongeza ni mvuke. Mkaa mwingi unapotea hapo. Maharage yaliyolala ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu ni tabu zaidi: mengine hugoma kulainika kabisa.

Kulowesha ndiko kunakookoa. Kilo moja, lita tatu za maji. Juni na Julai saa nane hazitoshi, maana baridi huchelewesha maharage kunywa maji. Yaache saa 12. Kata punje moja: ukiona kiini kikavu katikati, bado. Mwaga maji hayo, bandika kwa moto mkali, yakichemka ziba mlango wa hewa wa jiko na ufunike. Nyanya na ndimu zisubiri yalainike, kwa sababu uchachu hukaza maganda. Magadi huharakisha, ila huharibu vitamini B1.

Mwenye sufuria ya presha asijaze zaidi ya nusu, povu la maharage huziba tundu la mvuke. Asiye nayo anaweza kuyamalizia kwa kuiweka sufuria ya moto kwenye kapu lililosheheni nguo au majani makavu ya kutunza joto, lakini kwanza yatokote dakika 30 kamili. Maharage mekundu mabichi yana sumu isiyokufa kwa joto la uvuguvugu, na anayeyakimbiza kapuni mapema anaandaa kutapika kwa familia nzima.

Kwa hiyo hoja ya mkaa inajibika, angalau nyumbani. Shuleni ni kazi nyingine: serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na kande na maharage ni vyakula vinavyokaa motoni kuliko vingi.

Hoja ya pili ya mpinzani, ya lishe ya watoto, ni nzito zaidi. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Mkoa wenye mahindi, maharage na viazi! Sababu ni nyingi, magonjwa na shughuli za mama shambani zikiwemo, na kuulaumu mmea pekee ni uvivu. Lakini uji mwepesi wa mahindi unajaza tumbo dogo bila kulilisha, na mimea haina vitamini B12.

Mtu mzima anaweza kujitosheleza karibu kwa mimea tupu. Ugali na maharage vinakamilishana kwa protini, kwani kilichopungua kwenye mahindi kimo kwenye maharage. Madini ya chuma ya maharage hufyonzwa vizuri yakiliwa na kachumbari yenye ndimu, na chai isubiri saa moja baada ya chakula. B12 ndiyo inayobaki pengo: maziwa au mayai mara kadhaa kwa wiki.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 24 nisingekubali mimea tupu. Yai lililoiva, au usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa: uoshe mchanga, ukaushe, uutwange na uuchekeche miiba, kijiko kimoja cha chakula kwenye uji mzito.