Mahindi Mazima kwa Kuku wa Uani: Kuku wa Bibi Hakuwa Kuku Huyu

Jioni pale Ngamiani, Tanga, mtu akitikisa kopo la mahindi tu, kuku wa uani wote wako miguuni pake. Wanaotetea utaratibu huu wana hoja moja nzito: bibi zetu hawakununua chakula cha mfuko, na kuku walitaga.

Kuku hana meno, ila ana firigisi. Ikiwa na changarawe za kutosha husaga punje nzima ya mahindi, sembuse mtama, na hela ya mashine ikabaki mfukoni. Kwa Tanga naona faida kubwa zaidi: punje nzima hutunzika. Mahindi yakishasagwa, mafuta ya kiini hukutana na hewa na unyevunyevu wa pwani, na gunia halichelewi kuvunda. Punje pia unazipepeta na kuzichambua mwenyewe (ingawa sumukuvu haionekani kwa macho kila mara, tusijidanganye sana hapo).

Ninapokwama ni kwa bibi. Kuku wake wa kienyeji alitaga mayai kumi na kitu, akaatamia, na kutwa alichakura mchwa, majani na vichwa vya dagaa. Mahindi yalikuwa ya kumrudisha bandani tu. Leo tunamchukua kuku wa kisasa anayekaribia mayai 300 kwa mwaka, tunamfungia kwenye sakafu ya saruji, halafu tunamwagia mahindi yaleyale. Huyo hula kama gramu 120 kwa siku. Zikiwa mahindi matupu, atapata gramu 10 hivi za protini, naye anahitaji karibu mara mbili yake. Kwenye kalisi ndiyo balaa: ganda la yai moja hubeba kama gramu 2, na mahindi ni kama hayana kitu. Atakopa kwenye mifupa yake kwanza, kisha utaanza kuokota mayai ya ganda laini huku ukilaumu joto. Joto nalo lina mchango wake, lakini si lote.

Wanaopinga punje husema kuku ni mchaguzi: akiona mahindi, atashiba hayo na kuacha mashudu. Kweli kabisa, ila dawa yake ni saa. Asubuhi wape mchanganyiko wenye mashudu ya alizeti na dagaa. Punje zije jioni, konzi moja, zikae goleni (kifuko cha chakula shingoni) zikishuka taratibu kwenye firigisi usiku. Kwa kuwa ganda nalo hujengwa zaidi usiku, jioni hiyohiyo waachie maganda ya chaza yaliyopondwa. Ufukweni hatuyanunui, yaoshe tu chumvi.

Vifaranga wape chenga, punje nzima bado. Mahindi yaliyotiwa dawa ya dumuzi juzijuzi usimpe kuku yeyote. Na kama wako ni wa kienyeji, anazurura Pongwe kutwa nzima, endelea na kopo lako.