Entebbe wakipewa nguvu zaidi, KCAA inapoteza nini hasa?

Tangu Juni 2025, Umoja wa Ulaya ulipofungia kampuni zote za ndege zenye cheti cha Tanzania, maneno ninayoyasikia hapa Kisumu ni ya aina mbili. Kuna wenye wanasema hiyo ni shida ya jirani, Kenya tuko sawa. Na kuna wenye wanasema ndio maana hatufai kuchanganya mamlaka yetu ya usafiri wa ndege, KCAA, na za wengine ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, juu uzembe wa mmoja utatuangukia sote. Hawa wa pili wana hoja nzito na nitaifikia, lakini naona wanaotaka tushirikiane zaidi wameeleweka vibaya sana, kila wakitaja CASSOA, ofisi ya Jumuiya ya usalama wa ndege iliyoko Entebbe, Uganda, watu wanasikia ni kama anga ya Kenya inauzwa.

Hebu tuangalie Ulaya walisema nini. Walianza na Air Tanzania peke yake Desemba 2024, halafu miezi sita baadaye wakajumlisha kila kampuni ya Tanzania, hata yenye rekodi nzuri. Sababu kubwa ilikuwa ofisi inayokagua: wakaguzi wenye ujuzi hawatoshi, usimamizi wa urushaji na wa uzima wa ndege hauna nguvu, viwango vya kimataifa havijafikiwa. Wamarekani nao wanapima hivyo hivyo. Kenya ilipopata Kategoria ya Kwanza Februari 2017 kilichopimwa kilikuwa KCAA, si Kenya Airways, na bila huo mtihani ile ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi New York ya 28 Oktoba 2018 haingeruka. Kwa hivyo anayesema tuko sawa, ajue tuko sawa kwa sababu ya watu fulani wachache wako ofisini na wanajua kazi yao, na siku wakiondoka hiyo kategoria haitabaki ati kwa sababu tuliwahi kuipata.

Hao watu ndio nataka tuwaongelee, wakaguzi. Mkaguzi wa ndege huwezi kumwajiri leo kesho aanze kazi. Lazima awe amekuwa rubani wa masaa mengi ama injinia mwenye leseni, afundishwe tena ukaguzi, halafu kwa kila aina ya ndege anayoikagua awe anaijua, na ujuzi huo asipoutumia unaisha. ATR ni kitu kimoja, Dash 8 kitu kingine, Caravan, 787, helikopta, kila moja na mambo yake, na hapo bado hujaweka mkaguzi wa viwanja, wa leseni, wa mizigo hatari, wa waongozaji ndege. Sasa chukua Burundi ama Sudan Kusini, nchi zenye ndege chache, unataka waajiri jopo zima la watu kama hao, wawalipe mshahara ambao kampuni ya ndege haitaupita, na wawape kazi ya kutosha ili wasisahau? Haiwezekani, na ukiniuliza hata Kenya yenyewe inakaza sana. Serikali inamsomesha mtu kwa miaka, akishaiva anachukuliwa na kampuni ile ile aliyokuwa anaikagua.

CASSOA ilianzishwa 2007 kusaidia hapo. Inalinganisha kanuni za nchi wanachama na kufanya mkaguzi wa nchi moja aweze kusaidia nyingine akiwa na kitabu kile kile mkononi. Lakini leseni haitoi yenyewe, na ndege hawawezi kuizuia, sahihi inabaki ya kila nchi. Swali la sasa ni kama iachwe hivyo ama isogezwe polepole kuwa mamlaka yenye meno. Na Jumuiya yenyewe imezidi kupanuka, Congo iliingia 2022 na kampuni zake zimekuwa kwa orodha ya Ulaya ya waliofungiwa miaka mingi, Somalia ikaingia 2024.

Upande wa kukataa nauheshimu. Mkataba wa Chicago wa 1944 kwa kifungu chake cha kwanza kabisa unasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Ndege ikianguka Bunge letu linaweza kumwita mkubwa wa KCAA ajibu, mtu wa Entebbe utamwita kwa sheria gani? Pesa nayo, nchi zetu zinajulikana kwa kuchelewesha michango ya Jumuiya, na mkaguzi ambaye hajalipwa hakagui. Halafu kuna ile hoja inayouma kuliko zote, ajali ya ndege ya Ethiopian Airlines nambari 302. 10 Machi 2019, watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya, hakuna nchi iliyopoteza wengi kuliko sisi. Hiyo aina ya ndege, Boeing 737 MAX, ilipewa cheti na Marekani, nao Marekani walikuwa wamewaachia Boeing wenyewe sehemu kubwa ya ukaguzi, na dunia yote ikapokea ule muhuri. Anayesema kumwamini mkaguzi wa mwingine kunaua, ana makaburi ya kukuonyesha.

Lakini tuiangalie hiyo wiki vizuri. China walisimamisha MAX tarehe 11, Ulaya wakafuata 12, Marekani wenyewe walisimamisha 13 baada ya karibu kila mtu. Iliyosaidia ni kwamba kulikuwa na wengine wenye macho yao, wanaosoma data ile ile, na wenye ubavu wa kusema hapana kwa mkubwa. Mwaka huo huo FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wakakubali mamlaka tisa za nje, kuanzia Brazil mpaka Indonesia, waingie kuchambua vile cheti kilitolewa, na Ulaya hawakuirudisha ndege hiyo Novemba 2020 pamoja na Marekani, walingoja mpaka Januari 2021 wakiwa wamejikagulia wenyewe. Kwangu mimi huo ndio ushirikiano. Sasa niambie, nchi moja ya hapa Afrika Mashariki ikiwa peke yake na wakaguzi wanaohesabika, ingekuwa na ubavu wa kumwambia Boeing hapana? Pamoja labda.

Namna ya kuhama ndiyo watu hawaitazami. Ulaya walikuwa na JAA, chama cha mamlaka kisicho na nguvu ya sheria, ni kama CASSOA ya leo. EASA, mamlaka yao ya pamoja ya usalama wa ndege, ikaundwa kwa sheria 2002, ikaanza kazi 2003, na JAA haikufungwa mpaka 2009, miaka yote hiyo kazi inahamishwa kipande kwa kipande. Uingereza walipotoka Umoja wa Ulaya ilikuwa tofauti kabisa. Mwisho wa 2020 wakabeba wenyewe kazi nyingi zilizokuwa zinafanywa Cologne, makao ya EASA, wakakubali kutambua vyeti vya Ulaya kwa hadi miaka miwili, Ulaya hawakuwapa nafasi kama hiyo. Rubani mwenye leseni ya Uingereza hakuweza tena kurusha ndege iliyosajiliwa Ulaya kwa leseni hiyo, wengi wakawa wameshahamisha zao Ireland na Austria mapema.

Na sisi hatuhitaji kwenda mbali. Idara ya anga ya Jumuiya ya zamani ilihudumia nchi tatu, ikavunjika nayo 1977, East African Airways ikafa mwaka huo. Uganda ilipata mamlaka yake 1991, sisi KCAA 2002, Tanzania 2003. Chuo cha Soroti kilichofunguliwa 1971 kufundisha marubani wa nchi zote tatu kikabaki huko ng'ambo ya Mbale. Hiyo ni robo karne ya kujenga upya kitu tulichokuwa nacho. Na wenye wanasema anga haiwezi kushikwa na mwingine wakumbuke Somalia: kuanzia 1996 anga yao iliongozwa kutoka Nairobi chini ya Umoja wa Mataifa, ikarudishwa Mogadishu mwisho wa 2017. Ilishikwa miaka ishirini na zaidi, na mwenyewe akarudishiwa.

Huku kwetu ziwa ni moja. Precision Air ilipoanguka majini Bukoba 6 Novemba 2022, wakafa 19 na wakaokoka 24, wavuvi ndio walifika kwanza, na ingeweza kuwa upande wetu.

Kwa hivyo mimi ningeanza na wakaguzi. Orodha moja ya Jumuiya, mshahara mmoja unaolingana, wanatumwa popote. Cheti na leseni zibaki kwa kila nchi kwa miaka ya kwanza. Lakini mkataba useme wazi kabla ya kuhamisha chochote: mkaguzi wa Rwanda akikuta kasoro kwa ndege iliyoegeshwa Kisumu, ripoti inamfikia nani, ndani ya saa ngapi, na nani anaizuia isiruke jioni hiyo. Mimi ningesema anayezuia awe KCAA, na wakiamua kuiachilia licha ya ripoti, waandike sababu, nakala moja iende Entebbe na nyingine Bungeni Nairobi.