Kwenye Drafti Lazima Ule

Kwenye Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, kila mgeni huanzia pointi 1500. Unapewa bure, hujasogeza hata kete moja. Mimi hizo za bure zilinishinda kuzitunza. Siku zote naelea kwenye 1480 na ushee. Kinachonisitiri ni mafumbo. Huko nimevuka 2000, na mtu akiniuliza kiwango changu cha chesi humtajia hicho, kisha nabadilisha mazungumzo haraka.

Nikiwa na kete nyeupe nafungua kwa mpangilio uitwao London, kwa sababu hatua za mwanzo hazihitaji akili. Nikiwa na nyeusi namwachia Mungu. Mwanzoni nacheza kama mwenye nyumba, katikati kama mpangaji, mwishoni kama mpangaji anayedaiwa.

Jioni hiyo nilikuwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, tumeganda kwenye foleni ya TAZARA. Nimepangiwa mpinzani wa 1700 na, ajabu ya Musa, naongoza kwa farasi mzima. Mzee wa kiti cha pembeni, mwenye barakashia, kainamisha shingo hadi pumzi yake naisikia shavuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo drafti ya wapi?"

"Si drafti, mzee. Ni chesi."

"Nyumba sitini na nne, kama yetu. Cheza."

Nikamgusa malkia ili nimrudishe nyuma. Mzee akashtuka kama aliyeona mwizi.

"Kuna kete hapo hujaila! Kula!"

"Nikiila hiyo naliwa, mzee."

"Kula ni lazima! Nani kakufundisha kuchagua?"

Sijamjibu, kidole chake kikatua juu ya askari mweusi. Malkia wangu, kwa kuwa nilishamgusa, akaenda. Yule askari alikuwa analindwa na ngome, na mpinzani hakufikiri hata nukta moja.

"Haya, sasa na wewe mle huyo," mzee akasema, ametulia kabisa.

"Farasi haendi hivyo, mzee."

"Farasi gani huyo asiyekwenda?"

Kijana wa kiti cha nyuma, kavaa jezi ya Yanga, akatangaza kwamba nimekwisha. Mzee hakukubali: akamwekea soda kwamba nashinda. Konda naye akaacha kuita abiria, akaja kuchungulia.

Mstaarabu angesalimu amri. Mimi huwa sisalimu, na wengi nawakera kwa tabia hiyo. Akanila farasi, akanila ngome, akamaliza askari wote, mfalme wangu akabaki pembeni peke yake. Hapo hatua mbili tu zingetosha kunizika. Lakini jamaa akataka kunidhalilisha kwanza: akapandisha askari wake akawa malkia, akapandisha mwingine, akawa na malkia watatu kwa mfalme mmoja asiye hata na mlinzi. Yule wa tatu alipotua, simu ikatulia. Mfalme wangu hakushambuliwa, ila hakuwa na nyumba hata moja ya kwenda. Sare.

"Kabanwa huyo, kaliwa!" akapiga kelele yule wa Yanga. "Mzee, soda yangu!"

Nikamgeukia mzee anitetee. Soda ni yake, malkia kanipotezea yeye. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Drafti ni drafti. Aliyekosa njia kaliwa."

Nikawaonyesha kioo: kutoka 1487 nimepanda hadi 1490, maana sare na aliyekuzidi inakuongezea.

"Aliyeliwa anaongezewa pointi?" nikauliza.

"Ndiyo maana nasema huo ni mchezo wa kihuni," mzee akajibu, na gari zima likaitikia.

Konda ndiye aliyekata kesi. Soda nilipe mimi, kwa kosa la kuingiza ndani ya gari mchezo usio na sheria. Nikamwita muuza vinywaji aliyekuwa anapita kwenye foleni, nikanunua mbili dirishani, maana mzee alisema hawezi kukaa anamwangalia mwenzake akinywa.