Nani Kasema Pilipili Hujiotea?

Nani aliwaambia Watanzania kwamba pilipili ni zao rahisi? Namtaka. Aje hapa Tabata, akae nami barazani kwenye cherehani yangu nusu saa tu, anieleze vizuri. Maana mtaa huu mzima unaamini pilipili hujiotea. Ukisema unapanda mchicha, watu wanakuuliza maji utatoa wapi. Ukisema pilipili, wanacheka: "Fundi, pilipili nayo inapandwa? Si unatupa tu!"

Haya, nimetupa. Iko wapi?

Mchicha una adabu. Unamwaga mbegu, siku chache tu umeshachungulia. Pilipili inajivuta. Udongo ukiwa na joto la kuridhisha, nyuzi 25 hadi 30 hivi, inatoka kati ya siku 7 na 14, na hiyo ni ile yenye huruma. Pilipili mbuzi inaweza kukaa chini wiki tatu, na mwenye shida nayo ni wewe. Muda wote huo mke wangu anapita na beseni la nguo, anaangalia kopo, ananiangalia mimi, anaangalia kopo. Hasemi kitu. Mama mkwe ndiye anayesema. "Bado tu, baba?" Asubuhi bado tu, jioni bado tu. Nikawatolea methali, pilipili usiyoila yakuwashia nini? Wakajibu kwa pamoja: "Tutaila!"

Sasa hiyo mbegu yenyewe. Nenda duka la pembejeo uone. Pakiti ina picha ya pilipili nyekundu zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta ya nywele. Bei ya pakiti moja ya chotara, sokoni ungepata mafungu ya kukutoa jasho mwezi mzima. Halafu muuzaji anakuonya bila aibu: mbegu za tunda la chotara usiziweke, ukizipanda msimu ujao hazitatoka kama mama yao. Kwa hiyo nirudi kununua tena? Ndiyo, mzee. Hii biashara imehalalishwa na nani? Mimi nikimshonea mtu suruali, sijawahi kumwambia msimu ujao itageuka sketi.

Mke wangu akasema kwani jikoni hakuna pilipili? Chukua mbegu humo. Akanipa za fungu la sokoni, mbichi, za kijani. Nikamwambia mbegu ya tunda la kijani haijakomaa, inatakiwa tunda liive mpaka liwe jekundu, ndipo mbegu ianikwe kivulini. Akaniambia, "Wewe umeanza lini kuwa bwana shamba?" Nikanyamaza. Ndoa ni uvumilivu.

Ndipo akatokea kijana wa bodaboda. "Fundi, shikamoo. Nina mbegu ya Marekani, kali kuliko zote duniani." Alikuwa nazo kwenye kikaratasi, amekikunja mara nne, mbegu zenyewe za kuhesabu. Bei yake, bei ya kushona shati la mikono mirefu. Nikalipa. Mtu anapokwambia kitu kimetoka Marekani huwezi kumdai risiti.

Mpwa wangu, anayesoma chuo na ambaye ada hana lakini bando halimwishii, akafungua simu. "Mjomba, kali kuliko zote inaitwa Pepper X. Ni ya bwana mmoja wa South Carolina, Ed Currie. Guinness, wale wa rekodi za dunia, waliitangaza mwaka 2023. Inafika vipimo vya ukali vya Scoville 2,693,000." Nikauliza hii yetu, pilipili kichaa, ina ngapi? "50,000 mpaka 100,000, mjomba." Yaani hii inayomliza baba mzima mbele ya watoto wake, kule haifiki hata getini. "Na mwenyewe alisema mbegu zake hatoi kwa mtu." Nikamuuliza mbona hukusema kabla sijalipa? Akasema sikumuuliza. Kijana wa bodaboda wakati huo pesa yangu ilikuwa tangini, inakwenda Segerea.

Hivyo vipimo navyo, wacha nivisemee. Mwaka 1912 kuna Mmarekani, Wilbur Scoville, mtaalamu wa dawa, alichukua pilipili, akaikamua ukali, akauchanganya na maji ya sukari, akawapa watu waonje. Wakisema inawasha, anaongeza maji ya sukari. Wakisema bado, anaongeza. Jina lake linatajwa mpaka leo. Hapa kwetu shughuli hiyo hufanywa kila sikukuu, kwa mchuzi wa shemeji yangu, na hakuna anayemkumbuka mwonjaji.

Turudi kwenye kitalu. Wanasema changanya udongo wa msituni, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Tabata msitu uko wapi? Nikanunua udongo kwenye kiroba kwa wale wauza maua wa barabarani. Udongo! Babu yangu angefufuka aulize nauli ya kurudi. Nikajaza vikopo vya mtindi, nikatoboa chini, nikafukia mbegu nusu sentimita, nikafunika na nyasi kavu. Ikatoka. Nasema ikatoka! Vijani viwili viwili, vinatetemeka, nikaita watu wote waje waone.

Hapo ndipo nilipoijua familia yangu. Nyumba hii kuosha vyombo ni ugomvi, kila mtu ana udhuru. Kuchota maji, kila mtu mgongo unamuuma. Lakini kumwagilia pilipili ya fundi, wote wamejitolea. Mke wangu anamwagilia akienda kuanika. Mama mkwe anamwagilia akitoka kuswali alfajiri. Mtoto anamwagilia na maji yake ya kunywa ya shule. Mpangaji wa chumba cha uani, ambaye hata salamu anatoa kwa mkopo, naye anamwagilia. Miche ikashikwa na kinyausi. Hujakiona? Mche umeuacha jioni umesimama wima, asubuhi umenywea pale unapogusana na udongo, umelala chali. Ni ukungu wa udongoni, unapenda maji yanayotuama. Nikaitisha kikao. Nikauliza nani kamwagilia? Hakuna. Miche imezama kwenye matope na hakuna aliyemwagilia.

Iliyobaki ikapelekewa kuku.

Kuku ni wa mama mwenye nyumba. Hawafungiwi, na hawaguswi, maana kodi ya nyumba nadaiwa na mwenye kuku. Wakagundua vikopo vyangu. Jirani mmoja, yule anayejua kila kitu isipokuwa kulipa deni la kushonewa kanzu, akanishauri nimwage pilipili ya unga kuzunguka vikopo. "Kuku akionja tu, harudi." Nikamwaga pakiti nzima. Kuku wakala. Wakala unga wote, wakapangusa midomo chini, wakaendelea na miche.

Mpwa akacheka mpaka simu ikamdondoka. Akasema kinachowasha kwenye pilipili ni kapsaisini, na mwilini mwetu kuna kipokezi kinachoishika, kilekile kinachotupigia kelele tukiungua na moto. Ndiyo maana ukila pilipili ulimi unadhani umeungua, wakati hakuna kilichoungua. David Julius, mmoja wa waliokigundua, mpaka Nobel alipewa mwaka 2021. Ndege nao wanacho, ila cha kwao kapsaisini hakiijali. Pilipili imejipanga hivyo ili mnyama mwenye magego asiitafune mbegu, lakini ndege ameze, aruke, akaitupe mbali ikiwa nzima. Sawa. Mtu kapewa Nobel, na mimi niliyewalisha kuku pakiti nzima sina hata pole.

Miche iliyonusurika nikaihamishia kwenye ndoo za rangi ilipofikisha majani sita hivi. Ikakua. Ikajaa majani mpaka wapita njia wakauliza ni maua gani haya. Mwenye samadi ya kuku nyingi ndivyo anavyopata, majani ya kutosha kufungua bustani ya kupigia picha za harusi. Kisha inzi weupe wakaja, majani yakaanza kujikunja. Kila mtu na dawa yake: majivu, maji ya sabuni, mwarobaini. Maua yakatoka, na kwa jua la Januari la Dar es Salaam yakapukutika. Joto likipita nyuzi 32 pilipili inaangusha maua, hilo linajulikana, lakini mama mkwe alikataa. Alisema ni kijicho, na akamtaja mtu kwa jina, na mtu mwenyewe alikuwa amekaa palepale anasubiri blauzi yake.

Mvua za Machi zikashusha joto, matunda yakashika. Yakanenepa. Yakaendelea kunenepa. Mimi nikawa nawaonya watoto wasisogee, hiyo ni silaha, imetoka Marekani. Nikavaa mfuko wa nailoni mkononi, nikachuma la kwanza, nikalikata mbele ya mashahidi, nikaweka kipande ulimini nikiwa nimeshika kikombe cha maziwa.

Tamu.

Hoho! Pilipili hoho, ile ya kuwekea kwenye kachumbari ya watoto! Vipimo vya Scoville, sifuri. Kijana wa bodaboda siku hizi akifika kona yetu anazima taa.

Sasa sikilizeni jambo la kuudhi. Nyuma ya nyumba, kwenye mfereji wa maji ya kuogea, pale ambapo hakuna udongo bali sementi iliyopasuka na povu la sabuni, kumeota mpilipili. Kichaa. Hakuna aliyeupanda. Ndege alikaa kwenye kamba ya nguo, akafanya haja yake, akaondoka. Haujanunuliwa udongo wala kumwagiwa majivu. Kuku wanaupita wenyewe, sijui wamepewa maelekezo na nani. Na unazaa! Vipilipili vimesimama juu, vyekundu, kwa mamia, huku mimi na ndoo zangu za rangi tunaangaliana. Na mtaa mzima unanipitia barazani: "Si tulikwambia, fundi? Inajiotea."

Nikajifariji, alau sasa tuna pilipili. Kumbe tuna wageni. "Fundi, naomba pilipili mbili tu za chai ya mchana." Chai ya mchana yenye pilipili ni ipi? Na nisingejali, lakini mama mkwe ana sheria yake: pilipili haikabidhiwi mkono kwa mkono, mtagombana. Ukitaka kumpa mtu, iweke chini aokote, au achume mwenyewe. Matokeo yake kila anayeomba mbili anaingia mferejini peke yake, anatoka na mfuko. Siwezi kumhesabia, siwezi kumchumia. Imani imewapa watu funguo.

Halafu likaja la gauni. Mchana nimekula ugali na dagaa, nimezipondaponda kichaa tatu kwa vidole, nikanawa. Nilinawa! Mashahidi wapo. Ila kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inataka upake mafuta ya kupikia kwanza ndipo usugue kwa sabuni, na hilo nimeambiwa na mpwa baada ya janga, kama kawaida yake. Nikarudi kwenye cherehani kumalizia gauni la mteja, la kichenipati, kola ya kubana shingo. Jioni ananipigia simu kutoka ukumbini. "Fundi, umenifanya nini?" Nikasikia nyuma mtu anasoma dua. Mashoga zake walikuwa wameshakubaliana nimetumwa na mke mwenzake. Mimi! Hata huyo mke mwenzake nadai suruali mbili za wanawe.

Kesho yake alikuja. Kavaa mtandio shingoni, kanuna, anataka pesa yake yote. Nikamweleza habari za mafuta na sabuni, nikamwonyesha mferejini ushahidi wenyewe. Akautazama ule mpilipili muda mrefu. Kisha akauliza, "Na unauza?"

Neno "unauza" mama mwenye nyumba alilisikia akiwa dirishani. Alishuka na khanga moja, mguu mmoja hauna kandambili. "Fundi, tuelewane. Mfereji wa nani?" Nikasema wako, mama. "Na maji yanayopita humo?" Nikasema maji ni bili tunayochangia sote, mama. "Mfereji ni wangu, kilichoota mferejini ni changu. Zile hoho zako za ndoo hakuna mtu anayezigusa." Ndipo akaanza kuchonga bei na mteja wangu, mbele yangu, juu ya mpilipili ambao mwezi mzima alikuwa akiuita takataka na kutaka niung'oe. Akakumbushia na kodi, na habari ya kuku mmoja aliyepungua, akinitazama usoni.

Akanyoosha kidole. "Nichumie za huyu dada, basi, mimi mgongo unaniuma."

Nikachuma. Nilijaza kiganja, nyekundu tupu, zile zilizoiva sawasawa. Mama mkwe akawahi na kisahani kutoka jikoni, akakiweka chini karibu na miguu yangu, akanikonyeza niweke humo.

Nikakiruka kile kisahani. "Mama," nikamwambia mama mwenye nyumba, "lete mkono."