Nyaraka zikirudishwa, tarehe isipotee

Mtu akirudishiwa nyaraka na masjala ya mahakama, hukimbilia kurekebisha kasoro aliyoonyeshwa. Kumbe kinachomuumiza ni kalenda. Sheria ya ukomo, ile inayoweka muda wa mwisho wa kufungua shauri au rufaa, haimsubiri mtu achape ukurasa upya. Muda wa kukata rufaa ukiisha Ijumaa, na Alhamisi jioni karani akakurudishia bahasha kwa kuwa kiambatisho hakina alama, Jumatatu huna tena cha kurekebisha. Unaomba kuongezewa muda, na hilo ni ombi jingine, lenye kiapo chake, na linaweza kukataliwa.

Mimi naona huu ni uonevu, hata kama umo kwenye kanuni. Ada haijalipwa, sahihi haipo: hayo tunaweza kubishana. Lakini pambizo? Ukubwa wa herufi? Marekani, katika mashauri ya madai ya mahakama za shirikisho, hili walilimaliza mwaka 1991: Kanuni ya 5 inamkataza karani kukataa hati kwa sababu tu haikufuata mpangilio uliowekwa. Hati inapokelewa kwanza, kasoro baadaye.

Kingine kinachoniudhi ni kutajiwa kasoro kwa mafungu. Leo sahihi, ukirudi mhuri, ukirudi tena nakala hazitoshi. Anayekagua aandike kasoro zote kwa pamoja, aweke tarehe na jina lake. Ofisi ikiwa haina desturi hiyo, omba hivyo hivyo kwa maandishi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea ukiulizwa kwa nini ulichelewa.

Unapowasilisha upya, usichomoe ukurasa wa hati ya kiapo ukachomeka mwingine kimyakimya. Uliapa juu ya hati nzima. Ukigusa maneno yake, unaapa upya. Barua ya kusindikiza nayo iseme wazi kwamba nyaraka hizi zinachukua nafasi ya zile za tarehe fulani, maana seti mbili zinazopingana ndani ya jalada moja ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. (Naye apelekewe nakala mpya. Hili husahaulika ajabu.)

Yote haya ni kwa nyaraka zilizorudishwa, au shauri lililoondolewa mahakamani, kwa kasoro tu. Shauri lililokwisha kusikilizwa na kuamuliwa halifunguliwi tena kwa kubadilisha kichwa cha maombi; huko njia ni rufaa au mapitio, na anayejaribu ujanja huishia kulipishwa gharama za mwenzake.