Mageuzi ya Binadamu kwa Wanafunzi wa Tahasusi za Sanaa

Mwanafunzi wa HKL, anayesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza, hajiandai kuwa daktari, na ndiyo maana wapo walimu wanaoona kwamba kumrudisha kwenye mada ya mageuzi ya binadamu ni kumtwisha mzigo usio wake. Hoja yao ina uzito. Vipindi ni vichache, na mwalimu wa Historia ambaye hakusomea Baiolojia mara nyingi huishia kuandika ubaoni orodha ya majina, kuanzia Zinjanthropus hadi Homo sapiens, wanafunzi wakainakili kama ngazi ambayo kiumbe mmoja aliipanda hadi akawa mtu. Ngazi hiyo inapotosha. Zinjanthropus, ambaye fuvu lake liligunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, anahesabiwa na wataalamu kuwa tawi la kando lililotoweka, wala si babu yetu. Ikiwa somo ni hilo tu, heri lisifundishwe.

Wapo pia wazazi wanaohofia imani ya watoto wao. Hofu hiyo inastahili heshima, ingawa mwanafunzi anaweza kueleza ushahidi bila kulazimishwa kutamka kwamba anauamini.

Hata hivyo, kuiondoa mada hakuondoi swali ambalo kila mwalimu amewahi kulisikia: mbona nyani wa leo hawageuki watu? Sehemu ya tatizo imo katika lugha yetu wenyewe. Tumezoea kusema kwamba mtu alitokana na nyani, ilhali nyani ni yule anayevamia mashamba ya mahindi, na sayansi haijadai hivyo. Inachosema ni kwamba sisi na sokwe tulikuwa na mhenga mmoja, aliyeishi takriban miaka milioni sita au saba iliyopita, kisha kila ukoo ukashika njia yake.

Kwa maoni yangu mada ibaki, lakini ianzie Laetoli, eneo la mabaki ya kale kaskazini mwa Tanzania, badala ya orodha. Mwaka 1978 zilipatikana huko nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, kisha yakagandamana. Kidole gumba cha mguu kimelala sambamba na vingine, tofauti na cha sokwe, ambacho hujitenga ili kushika matawi. Umri wa nyayo hizo, takriban miaka milioni 3.6, ulipatikana kwa kupima jinsi potasiamu iliyomo katika majivu inavyogeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwanafunzi wa Historia, ambaye kazi yake ni kupima ushahidi, hahitaji maabara ili aelewe hoja hiyo. Anahitaji picha ya unyayo na muda wa kuulinganisha na wake.

Vipindi vitatu vinatosha: kimoja cha nyayo, kimoja cha umri wa majivu, na cha tatu cha lile swali la nyani, ambalo halijibiwi kwa kumwamuru mwanafunzi akae chini.